Kampuni ya simu za intaneti ikinunuliwa, mazungumzo yangu yanabaki kwa nani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Programu ninayopigia simu za intaneti imenunuliwa na kampuni kubwa, na sasa naletewa ujumbe nikubali masharti mapya. Je, mmiliki mpya anaweza kusikiliza simu zangu? Meseji nilizoandika kabla hajanunua nazo anazipata? Na nikiifuta programu kwenye simu, nitakuwa nimejitoa?

JIBU: Nzuri, ahsante kwa kuuliza kabla ya kubonyeza “Nakubali”.

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Kuifuta programu si kuifuta akaunti. Simu yako inapata nafasi, lakini jina lako, namba, orodha ya watu wako na kumbukumbu za nani ulimpigia lini vinabaki kwenye seva za kampuni. Na kampuni inaponunuliwa, kwa kawaida data zake zinakwenda pamoja nayo. Fungua sera ya faragha uliyoikubali siku ya kwanza, utafute sehemu inayozungumzia kuuzwa au kuunganishwa kwa kampuni. Karibu kila sera inayo. Kwa hiyo meseji za zamani zilizohifadhiwa kwenye seva zinapita kwa mmiliki mpya. Zilizokuwa kwenye simu yako peke yake hazipiti.

Kuhusu kusikilizwa, swali la kuuliza ni nani ameshika funguo za usimbaji, yaani kuyageuza mazungumzo kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo. Tazama Skype. Ilipoanza mwaka 2003, simu zake zilisafiri kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kompyuta za baadhi ya watumiaji wenyewe ndizo zilizosaidia kuwaunganisha wengine. eBay ikainunua mwaka 2005, na Mei 2011 Microsoft ikatangaza kuichukua kwa dola bilioni 8.5 za Marekani. Mwaka uliofuata kazi ile ya kompyuta za watumiaji ikahamishiwa kwenye seva za Microsoft. Maelezo yalikuwa kwamba huduma itakuwa imara zaidi, na kiufundi yana msingi. Lakini njia ya mawasiliano sasa ilipita mikononi mwa kampuni moja.

Mei 2013, waandishi wa teknolojia wa Heise nchini Ujerumani waliripoti kwamba linki zilizotumwa ndani ya meseji za Skype zilikuja kufunguliwa baadaye kutoka anwani ya intaneti ya Microsoft. Jibu la kampuni lilikuwa kwamba mitambo hukagua linki ili kuzuia barua taka na ulaghai. Sawa, lakini linki haiwezi kukaguliwa bila kusomwa. Ujumbe ule ulikuwa umesimbwa njiani, na kampuni bado ilikuwa na uwezo wa kuuona.

Usihitimishe haraka kwamba tatizo ni mnunuzi tu. Nyaraka za siri zilizovujishwa na Edward Snowden, aliyefanya kazi kwa mkataba katika ujasusi wa Marekani, zilitoka Juni 2013 na zinaonyesha Skype iliingizwa kwenye mpango wa PRISM wa ujasusi wa Marekani Februari 2011, yaani kabla Microsoft haijatangaza ununuzi.

WhatsApp inaonyesha upande mwingine. Facebook ilitangaza kuinunua mwaka 2014, na usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ambao funguo zake ziko kwenye simu za wanaozungumza peke yake, ukakamilishwa kwa watumiaji wote Aprili 2016, chini ya mmiliki huyo huyo mpya. Mazungumzo yakafungwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Miezi michache baadaye masharti yakabadilishwa ili namba za simu za watumiaji zishirikishwe na Facebook. Mei 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Facebook faini ya euro milioni 110, kwa kuwa wakati wa ununuzi ilidai haingeweza kuoanisha kwa uhakika akaunti za huduma hizo mbili, dai ambalo halikuwa sahihi. Hapo ndipo ninapokuomba utazame kwa makini zaidi. Maneno yako yanaweza kuwa salama kabisa huku kumbukumbu za simu zikieleza mengi: mtu anayempigia daktari wa saratani mara tatu kwa wiki, kisha wakili, hana haja ya kusikilizwa ili hali yake ijulikane.

Sasa fanya hivi. Pakua nakala ya data zako kwanza. Soma kama usimbaji wa mwisho hadi mwisho unawashwa wenyewe au mpaka uuchague. Kwenye Skype, ulipoletwa mwaka 2018, ilibidi uanzishe mazungumzo ya faragha wewe mwenyewe. Zima upakiaji wa orodha ya namba zako, na angalia nakala rudufu za mtandaoni, maana nyingi huwekwa bila ulinzi ule ule. Simu unayopiga kwenda namba ya kawaida haihusiki na usimbaji huo hata kidogo, kwani ikishaingia mtandao wa simu inasafiri kama simu nyingine yoyote.

Ukiamua kuondoka, ondoa kadi ya malipo, futa akaunti kutoka ndani ya mipangilio, ndipo ufute programu. Meseji ulizokwisha kuwatumia wenzako zitabaki kwenye akaunti zao. Ukishafuta akaunti yako, hizo kwa kawaida ni wao tu wanaoweza kuzifuta, kwa hiyo waombe mapema wafute zenye siri.