Barua Iliyo Kwenye Droo Yako

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana barua ya kuacha kazi, ameiandika tangu miezi minne iliyopita, na bado imo kwenye droo. Yuko ughaibuni mwaka wa 12 sasa. Anauliza, "Ulijuaje kwamba wakati wa kurudi nyumbani umefika?" Ujumbe ule nimeusoma mara tatu, maana droo ya namna hiyo hata mimi nilikuwa nayo.

Nilifanya kazi miaka 16 katika maabara ya hospitali moja huko ughaibuni. Niliingia nikiosha chupa za sampuli, nikatoka nikiwa msimamizi wa zamu. Hilo najivunia na sioni haya kulisema. Kilichoniondoa ni simu moja. Mama alilazwa, nami nikapata habari siku ya tatu. "Hatukutaka kukutia wasiwasi," waliniambia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwetu nimeshakuwa mgeni wa heshima: habari njema naletewa, ada za shule naombwa, ila msiba na ugonjwa navisikia wa mwisho.

Wiki iliyofuata nikakabidhi barua. Bosi wangu aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani atashika zamu ya usiku. Miaka 16! Sikuambiwa hata asante. Inaniuma hadi leo.

Ya kufunga mizigo nayaacha. Ila kuna mambo ambayo laiti ningeambiwa mapema. Kwanza pensheni: ulizia umechangia miezi mingapi na sheria inataka mingapi. Mimi niliondoka nikiwa nimebakiza miezi mitano tu kufikisha muda wa kustahili mafao. Baadhi ya nchi zina makubaliano ya kujumlisha michango ya pande zote mbili. Nchi yangu na ile hazikuwa nayo. Pili, vyeti. Nchi zote mbili zikiwa ndani ya Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, muhuri mmoja wa apostili, unaothibitisha kwamba saini na muhuri wa cheti ni halisi, unatosha. Zisipokuwa humo, utapanda na kushuka ngazi za wizara na ubalozi, na kazi hiyo ifanye ukiwa bado kule. Tatu, usiifunge laini ya simu ya kule haraka. Benki hutuma namba ya siri kwenye laini ileile, na mimi nilikaa majuma kadhaa nikiitazama akiba yangu bila kuweza kuigusa.

Lakini hayo yote ni makaratasi. Kilichoniangusha hakikuwa karatasi.

Mwezi wa kwanza baada ya kurudi, nyumba ilijaa watu. Mwezi wa tatu simu zikapungua. Wale waliokuwa wakinipigia kila mwisho wa mwezi wakanyamaza, maana mshahara ulikuwa umekwisha nao wanajua. Mdogo wangu, niliyemsomesha, akaniambia uso kwa uso: "Kaka, ungebaki kule ungetufaa zaidi." Nilitoka nje nikakaa peke yangu mpaka giza likaingia.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1963 watafiti wawili wa Marekani, John na Jeanne Gullahorn, walieleza jinsi anayerejea kwao anavyopitia tena mshtuko uleule wa ugenini: furaha, kuporomoka, kisha kuinuka polepole. Walifananisha safari nzima, kwenda na kurudi, na herufi W. Nilifarijika kujua kwamba sikuwa na kasoro. Nilikuwa katika bonde la pili tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaitoa barua hiyo, waambie watu wako ukweli: mkono utakuwa mfupi. Waambie kwa mdomo wako, mapema, na uwataje kwa majina wale usioweza kuendelea kuwalipia. Usijifiche nyuma ya zawadi za mwezi wa kwanza. Uwe pia na kazi ya kukuamsha asubuhi, hata ndogo. Mimi sikuwa nayo kwa miezi saba, na mtu asiye na kazi huhesabu nani amempigia na nani hajampigia. Tena nasisitiza, waambie ukweli. Kimya changu ndicho kilichotugombanisha, na mdogo wangu na mimi ndiyo kwanza tunaanza kuzungumza tena.

Unauliza nilijuaje. Wiki iliyopita mama aliniamsha saa tisa usiku kuniambia kwamba mguu unamuuma. Hakungoja siku tatu. Nilimkanda, nikakaa naye mpaka kukapambazuka.