Maswali na majibu: Maneno ya wapelelezi baada ya kifo cha ghafla

Maswali ya safari hii yametoka kwa waliofiwa. Poleni sana. Najibu kwa lugha nyepesi, maana ripoti ya kifo ni ngumu kusoma hata bila istilahi zake.

Polisi wanasema kifo cha kaka yangu "kina utata". Ina maana aliuawa?

Bado haijulikani. Kifo chenye utata ni kile ambacho chanzo chake hakijathibitika, hivyo kinapelelezwa kama vile huenda kuna jinai hadi ushahidi uoneshe vingine. Ni busara kuanza hivyo, kwa sababu eneo la tukio likishavurugwa halirudi lilivyokuwa. Mkiona wamezungushia utepe na kuwahoji hata ninyi wanandugu, msidhani mmetuhumiwa.

Ripoti ya daktari ina "sababu ya kifo" na "namna ya kifo". Si kitu kimoja?

Sababu ni jeraha au ugonjwa uliomwondoa, mathalani jeraha la risasi kifuani. Namna ni mazingira yaliyolileta jeraha hilo, na kwa kawaida yana mafungu matano: kifo cha maradhi au uzee, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, na haikubainika. Risasi ileile yaweza kuwa ajali, kujiua au kuuawa. Mwili peke yake huenda usiseme ni lipi, ndiyo maana daktari husubiri maelezo ya wapelelezi kabla ya kuamua. "Haikubainika" huwaumiza ndugu mno, lakini namheshimu daktari anayeliandika kuliko anayebahatisha. Ushahidi mpya ukipatikana, fungu laweza kubadilishwa.

Daktari ameandika baba aliuawa na mtu. Mbona hakuna aliyeshtakiwa?

Daktari anathibitisha tu kwamba kifo kilitokana na kitendo cha mtu mwingine. Kama alikusudia, hakukusudia, au alikuwa akijitetea, hilo ni la waendesha mashtaka na mahakama.

Tulipomwona mama mochwari, mgongo wake ulikuwa na madoa ya zambarau. Tunaamini alipigwa.

Inawezekana, lakini madoa hayo pekee hayathibitishi. Moyo ukisimama, damu hushuka kwa uzito wake hadi upande wa chini wa mwili. Aliyelala chali huwa na wekundu wa zambarau mgongoni na nyuma ya mapaja, huku sehemu zilizobanwa na sakafu, kama mabega na makalio, zikibaki nyeupe. Rangi hiyo huanza kuonekana ndani ya saa chache za mwanzo. Baada ya takriban saa 8 hadi 12 huwa imeganda mahali pake, ukiibonyeza kwa kidole haififii.

Wapelelezi huitazama kwa makini kwa sababu nyingine pia. Mwili ukikutwa kifudifudi na rangi imeganda mgongoni, kuna aliyeugeuza. Mchubuko wa kipigo ni tofauti: damu imevujia ndani ya nyama, na daktari akichanja hapo huiona. Mwulizeni kama aliuchanja mgongo na alikuta nini. Ni swali halali kabisa.

Kwa nini hawatutajii saa kamili ya kifo?

Kwa sababu hawawezi. Mwili hupoa kwa wastani wa nyuzi 1 hivi kwa saa, lakini nguo, unene na hali ya hewa hubadilisha hesabu. Kukakamaa huanza baada ya saa 2 hadi 4, hukamilika karibu saa ya 12, kisha hulegea siku zinazofuata. Daktari akikupa muda wa "kati ya saa fulani na fulani", amekwambia ukweli.

Shati la marehemu lenye damu liko nyumbani. Tulifue?

Hapana. Wala msilifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu huharibu vinasaba. Liacheni lilipo, msilishike, mwiteni mpelelezi alichukue, aliandikishe na kutia saini. Kuanzia hapo kila atakayelipokea lazima aandikwe jina, saa na tarehe. Huo ndio mnyororo wa utunzaji wa kielelezo, na pengo moja tu laweza kumpa wakili wa utetezi nafasi ya kuomba kielelezo kikataliwe. Mtajieni mpelelezi pia wote walioligusa tangu siku ile, hata aliyelikunja tu.