Picha "haibofyi", "haibofywi" au "haibofyeki"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika habari za ukoo wetu kwenye wiki yangu binafsi, yaani kurasa zilizounganishwa kwa viungo, ndani ya kompyuta. Nimechora mti wa ukoo kwa picha ya vekta, kila jina limo ndani ya duara, ili nikibofya jina la bibi ukurasa wake ufunguke. Nabofya, kimya. Nikamwandikia fundi: "Picha yangu haibofyi." Akajibu: "Mbona kwangu inafunguka vizuri?" Shemeji yangu anasema ningeandika "haibofywi". Binti yangu anasema "haibofyeki". Nani amepatia? Na je, niseme "picha za kubofya" au "picha zinazobofyeka"?

JIBU: Marahaba. Binti yako amepatia. Shemeji yako naye hakuharibu Kiswahili, ila amesema jambo jingine kabisa, na hapo ndipo penye utamu wa swali lako.

Tuanze na ulichoandika wewe. Katika "picha haibofyi", picha ndiyo mtenda. Ni kama kusema "mtoto habofyi": mwenye kidole ni mtoto. Najua utaniambia kwamba tunasema "chumba hiki kinalala watu wanne", na chumba hakina usingizi. Kweli, Kiswahili kinaruhusu. Lakini angalia kwamba watu wenyewe wametajwa baada ya kitenzi. Waondoe, ubaki na "chumba hiki kinalala", sentensi inaanguka. Yako ilianguka hivyo hivyo, na fundi akaiinua kwa kukisia. Alidhani picha haionekani, akaifungua, akaiona, akakujibu.

Sasa "haibofywi". Hiyo ni kauli ya kutendwa, na ikiwa katika hali ya kukanusha mara nyingi hubeba desturi au katazo. Sikiliza tofauti hii: "Nyama hii hailiwi" na "Nyama hii hailiki". Ya kwanza ni mwiko, au haramu, au imewekwa kwa ajili ya wageni. Ya pili ni ngumu kama soli ya kiatu, au imeoza. "Mlango huu haufungwi usiku" ni utaratibu wa nyumba. "Mlango huu haufungiki" maana yake mbao zimevimba kwa mvua na komeo halifiki mahali pake. Kwa hiyo ukimwambia fundi kwamba picha haibofywi, ana haki ya kuelewa kwamba hutaki mtu aiguse.

Unachokitaka ni kauli ya kutendeka, inayosema kama kitu kinakubali kutendwa au kinakataa: barabara haipitiki, mwandiko hausomeki, picha haibofyeki. Na ni "haibofyeki", si "haibofyiki" kama ninavyoona wengi wakiandika. Irabu ya mzizi ndiyo inayoamua. Mzizi wenye e au o huchukua -ek-: beba, bebeka, soma, someka, bofya, bofyeka. Wenye a, i au u huchukua -ik-: kamata, kamatika, pita, pitika, vunja, vunjika.

Ila kauli hii ina nyuso mbili, na wakati wa kitenzi ndio unaozitenganisha. "Kikombe hiki hakivunjiki" ni sifa ya kikombe. "Kikombe kimevunjika" ni tukio, na vipande viko sakafuni. Hivyo "picha inabofyeka" ni sifa yake, lakini "picha imebofyeka" ni tukio: labda simu ilikuwa mfukoni, ukurasa ukajifungukia wenyewe. Usiandike "imebofyeka" ukikusudia kwamba sasa imetengemaa. Andika "sasa inabofyeka".

Wapo watakaokuambia useme "bonyeza". Si kosa, na kutendeka kwake ni "haibonyezeki". Mimi hapa napenda zaidi "bofya", na sababu ninayo. "Bonyeza" imetoka kwenye "bonyea", yaani kuingia ndani kwa kukandamizwa. Kitufe cha simu za zamani kilibonyea kweli, ndiyo maana sauti ya huduma kwa wateja inakwambia "bonyeza moja". "Bofya" ni kile unachofanya sokoni kwenye embe: kidole kinagusa kwa nguvu kidogo kupima kama limeiva, na muuzaji anakutazama usilichubue. Kioo cha simu au picha kwenye skrini haibonyei. Inapimwa kwa kidole, nayo inaitika au haiitiki.

Nimekaa sana kwenye kitenzi kimoja kwa sababu ukikichagua vizuri, fundi anajua pa kuanzia. Picha ya vekta ya aina ya SVG, umbizo lililopitishwa mwaka 2001 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ni maandishi yanayoeleza maumbo: hapa pana duara, kitovu chake kiko mahali fulani, nusu kipenyo chake ni kadhaa. Kwa kuwa kila umbo limeandikwa peke yake, kila umbo linaweza kufungiwa kiungo chake. Hapo sasa maneno yako yanaanza kufanya kazi.

Ukisema "picha nzima haibofyeki, kishale cha kipanya hakigeuki kuwa mkono popote", fundi atashuku namna ulivyoiingiza. Picha ya SVG ikiitwa kwa tagi ya img, yaani alama inayoambia ukurasa uonyeshe picha kutoka faili jingine, kivinjari huionyesha kama picha tupu, na viungo vilivyomo ndani havifanyi kazi hata kama viliandikwa vizuri. Hata programu ya wiki kama TiddlyWiki, iliyoanza mwaka 2004, ukiita picha kwa njia ya kawaida ya kuita picha huishia kwenye tagi hiyo hiyo. Dawa yake ni kuyaweka maandishi ya SVG yenyewe ndani ya ukurasa.

Ukisema "duara linabofyeka kwenye mstari wake tu, katikati halibofyeki", umempa fundi jibu mkononi. Duara lako halijajazwa rangi. Umbo ambalo ujazo wake umeandikwa "none", yaani hakuna, ni sawa na pete: kidole kikipita katikati hakigusi kitu. Lijaze rangi, hata iwe ile ya kupenyeza macho iitwayo "transparent", na katikati patabofyeka.

Na ukisema "inabofyeka, ila ukurasa wa bibi haufunguki", tatizo limehama kwenye picha. Kiungo kipo, kidole kinafika, lakini jina lililoandikwa kwenye kiungo halifanani na jina la ukurasa. Tazama herufi kubwa na ndogo kwanza, kisha nafasi kati ya maneno. Hapa pia nakuomba usiandike "kiungo kimevunjika", maana msomaji wa haraka atafikiri bibi ameanguka akaumia goti. Simu hukatika, mtandao hukatika, na kiungo nacho kimekatika.

Swali lako la mwisho: yote mawili ni sahihi, kama "maji ya kunywa" na "maji yanayonyweka". Ya kwanza yametengwa kwa kazi hiyo. Ya pili yanakubali kunywewa, hata kama yametoka kisimani. "Picha za kubofya" ni zile ulizozichora kwa kusudi hilo. "Picha zinazobofyeka" ni zile ambazo ukizibofya zinaitika. Leo unazo za kubofya zisizobofyeka, na Kiswahili kimekuwezesha kulisema hilo kwa maneno matatu tu.

Neno moja juu ya "wiki". Hii ya kompyuta imetoka Kihawaii, maana yake haraka. Mwandishi wa programu Mmarekani, Ward Cunningham, aliichukua kwenye jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu, akaipa tovuti yake mwaka 1995. Ile nyingine, ndugu yake juma, imetoka Kiingereza. Zote mbili zimeingia ngeli moja, "wiki yangu, wiki zangu", kwa hiyo upatanisho hautakusaidia kuzitofautisha. Mara ya kwanza unapoitaja, iongezee neno: wiki ya kompyuta, wiki ya kumbukumbu.

Kwa fundi, basi, mwandikie hivi: "Kwenye wiki yangu ya kumbukumbu za ukoo nimeweka picha ya SVG. Picha inaonekana vizuri, ila majina yaliyomo hayabofyeki, na kishale hakigeuki kuwa mkono." Kama kishale kinageuka, futa maneno hayo ya mwisho, umwambie kinageuka wapi.