Mlango wa bibi unataka kuuzwa, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi ni msomaji wenu wa hapa Tabora, Ng'ambo. Bibi yetu mzaa baba ana miaka 90 na ushee, anaishi kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga babu yake, mlango wa mbele ni wa kuchonga, miimo yote ina mnyororo na maua, na kwa ndani kuna alama za kisu, baba zetu walikuwa wanapimana urefu hapo utotoni. Sasa baba mdogo anataka ibomolewe tujenge fremu za biashara, na kuna jamaa kashapita mara mbili anautaka mlango, anasema ataupeleka Ulaya. Mi inaniuma sana ila nikiongea naambiwa historia ya Tabora iko kule kijijini Kwihara alikokaa Livingstone, yule Mzungu mpelelezi, hapa kwetu ni udongo tu. Ni kweli?
Mjukuu, Ng'ambo

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na mlango maana ndo una haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya mbao na miimo yake iliyochongwa kabla ya 1940, na kuitoa nje ya nchi bila kibali hairuhusiwi. Upige picha vizuri, na zile alama za kisu uzipige kwa karibu, afu nenda manispaa kamuone afisa utamaduni. Baba mdogo mwambie mapema na kwa heshima, asije akapokea hela ya watu kisha ikawa kesi.

Sasa hilo la Kwihara. Livingstone alikaa pale miezi kama sita tu mwaka 1872, akisubiri wapagazi ambao Stanley alienda kumtafutia pwani. Ila alikuwa anaandika kila siku, ndo maana leo tunajua mpaka siku alizoumwa. Mchukue Mtemi Isike wa Unyanyembe, yani himaya ya hapahapa Tabora, Januari 1893 Wajerumani wameingia ngomeni kwake akalipua baruti aliyokuwa nayo kuliko kukamatwa mzima, na mengi tunayosoma juu yake yaliandikwa na haohao waliompiga! Na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mji huu umekua kwa mabega yao, tunawajua wangapi kwa majina? Kwa hiyo mwanangu anayekwambia hapo ni udongo tu, mwambie hapo hapajaandikwa bado, na wa kuandika ni wewe.

Bibi yupo hai, hii ndo bahati yako kubwa kuliko hata huo mlango. Chukua simu yako, kaa naye asubuhi akiwa hajachoka, mwanzoni taja tarehe na jina lake afu rekodi. Usimwambie "bibi nisimulie historia", atakwambia hajui kitu. Muulize mlango aliuchonga nani, maji walichota wapi, nyumba ya jirani ilikuwa ya nani kabla ya huyu wa sasa. Akihamia Kinyamwezi mwache aendelee, tafsiri mtafanya baadaye. Kama kuna picha za zamani aseme nani ni nani, na nyuma uandike kwa penseli, peni ya wino inapenya na kuharibu picha. Na usiache kila kitu kwenye simu moja, simu zinaibiwa, mtumie shangazi, mtumie na binamu aliyeko Dar.

Kitu kingine. Januari 1958 TANU walikutana hapahapa Tabora, Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, yani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Hilo limo vitabuni. Wajumbe walilala kwa nani, walipikiwa na nani, mjini watu walikuwa wanasemaje jioni wakirudi sokoni, hayo sijayakuta popote. Bibi yako wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, muulize.