Maswali na Majibu: Kabla Shauri Halijafika Mahakamani

Swali: Niliachishwa kazi wiki tano zilizopita. Je, nimechelewa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi?

Jibu: Kwa sheria zetu za Tanzania, anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30, zinazohesabiwa tangu siku aliyoachishwa au, kama alikata rufaa kwa mwajiri, tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Ikiwa hukukata rufaa, umechelewa, lakini mlango haujafungwa: omba kuongezewa muda kwa fomu ya Tume na hati ya kiapo, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita. Tafadhali nenda kesho asubuhi.

Swali: Msuluhishi ananisihi nipokee nusu ya ninachodai. Nikikataa nitaadhibiwa?

Jibu: Hapana. Msuluhishi huwasaidia mkubaliane, hawaamulii. Mkishindwa, shauri huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni karatasi ya makubaliano, kwa sababu ukishaitia saini inakufunga, na hukaziwa, yaani hutekelezwa kwa lazima, kama hukumu ya mahakama. Niliwahi kuonyeshwa moja iliyosema fedha zitalipwa "mapema iwezekanavyo", bila tarehe wala namba ya akaunti, na chini yake dole gumba la mlinzi ambaye hakusomewa. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya malipo itajwe, na ule mstari usemao kwamba huna madai mengine usomwe mara mbili, maana malipo ya likizo yako yanaweza kupotelea humo. Haya yakiwa sawa, nusu inayolipwa mwezi huu si ya kudharau.

Swali: Baraza la Kata limekaa na mgogoro wa mpaka wa shamba letu miezi miwili. Tufanyeje?

Jibu: Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linapatanisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, mnaruhusiwa kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti cha kata cha kuonyesha kwamba usuluhishi umeshindikana. Chukueni nakala ya malalamiko yenu yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa.

Swali: Mume wangu alinitelekeza na sijui aliko. Ni lazima nipitie Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kudai talaka?

Jibu: Si lazima, dada yangu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwondolea sharti hilo aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko.