Kwa mnaoanza kupima utabiri: andika kabla, hesabu zote

Kila muhula mpya hapa Tanga hawakosekani wanafunzi wanaotaka kufanya utafiti wao wa mwisho juu ya ramli, ndoto zinazotimia au watu wanaosoma mawazo ya wenzao. Mimi hufurahi wakija. Mji umejaa habari hizo, kuanzia vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme hadi sadaka zinazoachwa ndani ya mapango ya Amboni. Ila wengi huja na swali lisilopimika: "Mambo haya ni ya kweli?" Badala yake ulizeni: huyu mtu alisema nini, alikisema lini, na kwa kubahatisha tu angepatia mara ngapi?

Anzeni na kadi. Miaka ya 1930 J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alitumia kadi 25 zenye alama tano: duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila moja mara 5. Mtu hutaja alama ya kila kadi bila kuiona. Anayebahatisha hupatia wastani wa kadi 5. Mwaka 1934 Rhine alichapisha kitabu akisema baadhi ya watu wake walizidi hapo tena na tena. Kateni manila mkajaribu wenyewe, lakini pigeni hesabu kabla. Uwezekano wa mtu kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu ni karibu asilimia 5, kwa hiyo darasa la watu 40 litatoa kama wawili. Hao wawili wataitwa wenye kipaji, na habari itafika Makorora kabla ya magharibi. Msiwakatalie, na msiwatangaze. Wapimeni upya siku nyingine, kadi zichanganywe na mtu asiyekuwemo chumbani, na anayeandika majibu asijue kadi gani imetoka. Manila iwe nene. Kadi za awali za Rhine zililaumiwa kwa sababu katika mwanga fulani alama ilionekana kwa nyuma.

Mkishaielewa hesabu hiyo, someni hoja za upande unaokubali, na mzisome kwa heshima. Yenye nguvu zaidi, kwa maoni yangu, ni majaribio ya ganzifeldi. Mtu hulazwa chumba kimya, macho yamefunikwa kwa nusu za mpira wa tenisi ya mezani, taa nyekundu inamulika, masikioni kuna mvumo tu. Chumba kingine mwenzake anaitazama picha moja na kujaribu kumtumia kwa mawazo. Baadaye yule aliyelazwa huonyeshwa picha nne achague ile aliyoitazama mwenzake. Bahati inampa asilimia 25. Mwaka 1994 Daryl Bem na Charles Honorton walitoa matokeo ya karibu asilimia 32, ndani ya jarida kubwa la saikolojia. Mwaka 1999 Julie Milton na Richard Wiseman walikusanya majaribio mengine 30 ya aina hiyo, wasione tofauti ya kutegemewa na bahati. Nawasihi msome pia waraka wa 1986 ambao Honorton aliuandika pamoja na mpinzani wake mkubwa, Ray Hyman, wakakubaliana masharti ya jaribio safi. Watu wanaopingana kukaa meza moja na kupanga kipimo kabla ya matokeo: natamani kila mabishano ya mji huu yafanywe hivyo.

Hyman huyohuyo alikutana na Jessica Utts, mtaalamu wa takwimu, mwaka 1995, walipopewa kazi ya kuutathmini mradi wa serikali ya Marekani wa kuona vitu vya mbali kwa akili. Utts alisema ushahidi umetosha, Hyman akasema haujatosha. Mradi ulifungwa. Wasomi wawili walipitia majaribio yaleyale, kwa hiyo msimwite mjinga anayeamini wala mkaidi anayekataa.

Udanganyifu nao upo. Samuel Soal, mwanahisabati wa Uingereza, alisifika kwa majaribio yake ya kusoma mawazo ya miaka ya 1940, mpaka Betty Markwick alipoonyesha mwaka 1978 kwamba orodha zake za namba, zilizotumika kupanga kadi za kukisia, zilikuwa zimechezewa.

Kilichonifanya mimi niegemee upande wa "hapana" ni historia ya Bem. Mwaka 2011 alichapisha majaribio tisa yenye washiriki zaidi ya 1,000, akidai watu huhisi jambo kabla halijatokea. Katika jaribio moja walikisia picha iko nyuma ya pazia lipi kati ya mawili, na kwa picha za mapenzi walipatia asilimia 53.1 badala ya 50. Waliorudia majaribio yake mwaka uliofuata hawakupata kitu. Kisha wanaoamini na wasioamini wakapanga pamoja jaribio kubwa la kurudia lile la mapazia, kila hatua ikiandikwa hadharani kabla ya kuanza. Matokeo yalitoka mwaka 2023: asilimia 49.89. Kadiri mlango wa makosa unavyofungwa, ndivyo tofauti inavyoyeyuka.

Sasa mkitoka darasani kwenda kwa watu, nitakuwa mkali. Mganga wa Ngamiani anapomwambia aliyeibiwa, "Mwizi si mtu wa mbali, anaingia kwenu, na mlishawahi kukwaruzana," mteja hutetemeka. Lakini nani hana mtu wa namna hiyo? Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao. Kila mmoja alidhani ameandikiwa yeye, kumbe karatasi zote zilikuwa na maneno yaleyale. Waliyapa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kwa hiyo msihesabu mshtuko wa mteja. Hesabuni maneno yanayoweza kukosea: jina, siku, mahali.

Na hapo kwenye jina, simameni. Kanda ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa sababu mpiga ramli aliwataja. Sheria ya Uchawi inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na utafiti wenu usiwe njia ya kumtaja. Mpeni mtabiri maswali yasiyomgusa jirani: mechi ya Mkwakwani itakwisha mabao mangapi, bahasha ipi ina picha ya mashua. Aandike jibu, muweke tarehe, mwenyekiti wa mtaa aifunge bahasha. Mechi kumi zitabiriwe, zote kumi ziingie kwenye jedwali, hata zile mtakazoombwa mzisahau.

Siku ya kufungua bahasha mwalikeni mwenyewe aliyetabiri. Mwamkieni, mkae naye, mfungue mbele yake, naye asaini jedwali kabla hamjaondoka. Akisema kipimo hakikuwa cha haki, andikeni sababu zake kwa maneno yake, halafu pangeni naye cha pili.