Jibu kwa ndugu wa Malindi: nafasi ya kwanza Google na mnada wa dola 1

Ndugu yangu wa Malindi, salaam aleikum. Umeuliza mambo matatu. Kwanza, umlipe au usimlipe kijana anayetaka shilingi 30,000 ili tovuti yako ya vijisanduku vya nakshi itokee ya kwanza Google. Pili, uanze au usianze mnada wa mtandaoni kwa dola 1 ili uvute watu. Tatu, mnada ufungwe siku gani. Waliotangulia wamekujibu mstari mmoja mmoja, kila mtu na lake. Mimi nitaandika marefu, kwa sababu hayo makosa mawili ya mwanzo nimeshayafanya mwenyewe hapa Lamu, kwa fedha yangu na kwa kofia za shangazi yangu.

Kofia zenyewe ni zile za viua, zinazoshonwa kwa mkono tundu baada ya tundu. Moja humchukua shangazi mwezi na nusu, pengine miwili, maana hushika sindano baada ya kumaliza kazi za nyumba. Wakati wa kaskazi wageni wamejaa na hatuna shida ya wateja, na Maulidi yakikaribia hata wenyeji hatuwatoshelezi. Shida ni Mei na Juni. Kusi ikishika, nyumba nyingi za wageni kule Shela hufunga milango, na kofia hulala kabatini zikinukia udi. Ndipo nikafungua tovuti.

Nikapata kijana kama huyo wako. Wangu alitaka 25,000. Baada ya wiki mbili akaja dukani na simu yake, akaandika jina la duka langu, na kweli tukatokea juu kabisa. Nilifurahi hata nikamwagizia chai na mahamri. Ilinichukua muda kuung'amua mchezo: duniani nani mwingine ana jina la duka langu? Anayeandika jina lako ameshakujua. Unayemtaka ni yule asiyekujua, yuko Chicago au Milano, naye anaandika jina la kitu. Tena matokeo hayafanani kwa kila mtu. Google hutazama uko wapi na unatumia lugha gani, kwa hiyo simu iliyoko Lamu haikwambii kinachoonekana Milano. Kijana akikuonyesha simu yake, mwambie atafute kisanduku cha mbao chenye nakshi kwa Kitaliano, kisha umtazame usoni.

Lakini kubwa zaidi ni alichokifanya kwa hizo 25,000. Ili ukielewe, jua kwanza kwamba mtambo wa kutafuta, kama Google, una programu inayotambaa mtandaoni ikifuata viungo, yaani yale maneno unayoyabofya ukapelekwa ukurasa mwingine, ikisoma kila ukurasa inaoufikia na kuuingiza kwenye faharasa, mfano wa ile ya nyuma ya kitabu: neno fulani liko kurasa fulani na fulani. Ukiuliza kitu, mtambo hauanzi kuzunguka dunia saa ile. Unafungua faharasa yake. Kazi ngumu ni kupanga. Neno liko kwenye kurasa milioni, ipi ikae juu?

Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google, walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, walichapisha jibu lao mwaka 1998, nalo ukilitazama vizuri ni jibu la barazani. Ukurasa mmoja ukiweka kiungo cha kwenda kwa mwingine, umetoa ushahidi juu yake. Ushahidi wa anayeaminika una uzito kuliko wa mpita njia, na uzito wa shahidi nao hutokana na mashahidi wake yeye. Waliuita PageRank. Sisi hapa, ukitaka fundi wa kukuchongea mlango, huendi kwa anayejisifu. Unamwendea yule ambaye mafundi wenzake wakiulizwa humtaja. Siku hizi Google hutazama mambo mengine mengi, lakini viungo havijatoka mezani.

Kijana wangu alininunulia mashahidi wa uongo. Viungo kama mia tatu kutoka tovuti za kamari, za dawa za kupunguza unene, na nyingine za lugha nisizozijua, vyote vikielekea kwenye duka la kofia la Lamu. Wiki tatu tulipanda kweli. Kisha nikaletewa ujumbe kwenye Search Console, ukumbi ambao Google humwonyesha mwenye tovuti habari za tovuti yake, kwamba tovuti yangu ina viungo visivyo vya asili, na kutoka hapo hatukuonekana tena. Google imekuwa ikiwaandama wanunuzi wa viungo kwa nguvu tangu ilipobadilisha upangaji wake mwaka 2012, badiliko lililoitwa Penguin, na kijana alilijua hilo. Mimi ndiye niliyekuwa silijui. Miezi minne nikiwaandikia wenye tovuti hizo waviondoe. Ambavyo havikuondoka nikavikana kwa orodha maalumu, nikaomba niangaliwe upya, nikasubiri. Fedha haikurudi. Simu ya kijana huita tu mpaka inakatika.

Hiyo Search Console ifungue leo hii kabla ya kumlipa mtu yeyote. Haina malipo, nayo hukuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika ukurasa wako ukawatokea. Orodha hiyo ndiyo iliyonitoa gizani. Mwaka mzima kichwa cha ukurasa wangu kilisema "kofia ya viua ya Lamu". Ni jina sahihi, na sikuona Mmarekani hata mmoja aliyelitafuta. Wachache walionifikia kutoka huko walikuwa wameandika "kufi", maana Wamarekani weusi wengi ndivyo wanavyoiita kofia ya namna hii isiyo na ukingo. Shangazi alinuna. "Kufi ndiyo nini? Kwani kofia imekosa nini?" Haikukosa kitu, nikamwambia, lakini mnunuzi hawezi kuulizia kwa jina asilolijua. Kofia ya viua nikaiacha ndani ya maelezo, pamoja na habari za jinsi inavyoshonwa, na kichwani nikaweka kufi, rangi, imeshonwa kwa mkono, Lamu, na kipimo cha kichwa kwa inchi na kwa sentimita. Kipimo usikidharau. Wengi walioishia kununua walikuwa wameandika kipimo.

Kwako wewe mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Malindi mmeishi na Wataliano miaka na miaka. Tafuta mtu anayekijua Kitaliano barabara, umpe chai na kitu kidogo, akwambie mtu wa kwao angekiitaje hicho kisanduku, si kwa kamusi bali kwa mdomo. Kisha andika ukurasa mzima kwa Kitaliano. Kila aina ya kisanduku iwe na ukurasa wake. Usirundike vyote pamoja kama mtumba.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Yule aliyekushauri ujaze kile kisehemu cha maneno muhimu ndani ya msimbo, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa, amepitwa na wakati. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupangia kurasa. Aliyesema uandike maneno meupe juu ya ukurasa mweupe anakutafutia balaa. Picha zako nimezifungua kwa simu na nikapata muda wa kumaliza kahawa: zipunguze uzito, kwa sababu tangu 2018 kasi ya ukurasa kwenye simu nayo huhesabiwa. Na faili la picha lipe jina la kitu, si namba za kamera.

Mashahidi wa kweli hupatikana polepole. Wangu wa kwanza alikuwa nyumba moja ya wageni ya Shela iliyoweka kiungo chetu kwenye ukurasa wake wa vitu vya kununua Lamu. Wa pili ni mgeni aliyekaa na shangazi asubuhi nzima akimtazama anavyoshona, akarudi kwao akaandika. Viungo hivyo viwili vimenifaa kuliko vile mia tatu.

Nafasi inayouzwa Google ni ya tangazo, na imeandikwa wazi kwamba ni tangazo. Hiyo nayo huuzwa kwa mnada, kila mara mtu anapotafuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na anayetaja bei kubwa si lazima ashinde, kwani ubora wa tangazo na ukurasa wake nao hupimwa. Kijana hawezi kukuuzia nafasi ile nyingine isiyo ya tangazo. Si yake.

Sasa mnada wako. Soko la mnada la mtandaoni la eBay lilipoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, moja ya vitu vya mwanzo kabisa kuuzwa ilikuwa kalamu ya mwanga wa leza, mbovu, nayo ilikwenda kwa dola 14.83. Watu huipenda hadithi hiyo wakidhani maana yake ni kwamba mnadani kila kitu kina mnunuzi. Mimi naisoma vingine. Ili bei ipande kutoka chini, lazima awepo mtu wa pili.

Mnunuzi huuambia mtambo wa mnada kiwango chake cha juu kwa siri, tuseme dola 80. Mtambo haupeleki bei kwenye 80. Unampandishia hatua kwa hatua, kiasi cha kumzidi mwenzake tu. Mwenzake akikomea 30, yule wa 80 analipa 30 na hatua moja juu yake. William Vickrey, mchumi aliyepata Nobel mwaka 1996, alieleza mwaka 1961 mnada wa namna hiyo, ambao mshindi hulipa bei ya wa pili. Kwa muuzaji tafsiri yake ni kavu: bei yako inapangwa na aliyeshindwa. Akikosekana wa kushindwa, unauza kwa bei ya kuanzia.

Nami nilianza kwa senti 99 za dola. Nilisoma mahali, kama wewe, kwamba bei ndogo huvuta macho. Macho yalikuja. Watu kumi na mmoja waliiweka kofia kwenye orodha yao ya kutazama, nami nikawa nawahesabu usiku kama mtu anayehesabu magunia. Siku saba zikaisha na aliyetaja bei alikuwa mmoja. Kofia ya miezi miwili ikaenda Ohio kwa senti 99. Ukishauza umeuza, huwezi kusema hapana, ulikuwa utani. Mteja alilipia posta, ila ada ya soko hukatwa kwenye jumla, posta ikiwemo, kwa hiyo nilitoa fedha mfukoni ili niuze. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza tu senti 99 ni kaimati ngapi.

Binamu yangu alikuwa na dawa yake: nifungue akaunti nyingine nijipandishie bei mwenyewe. Masoko hayo hulikataza jambo hilo na hufunga akaunti, lakini mimi halikuniingia hata kabla ya kujua hivyo. Madrasa tulifundishwa jina lake, najash, kupandisha bei ya kitu usichokusudia kukinunua ili mwingine adanganyike, na kwamba Mtume amelikataza.

Kwa hiyo vijisanduku vyako vya kawaida, ambavyo fundi anaweza kutoa kumi vinavyofanana, viweke kwa bei isiyobadilika. Mnada uwekee kile ambacho hakina pacha. Jahazi la mfano nililoagiza kwa fundi wa Matondoni, tanga lake, foromali yake, kamba zote mahali pake, nililianzisha kwa dola 40, kiasi ambacho hata angekuja mtu mmoja nisingelia. Watu wawili wanaokusanya vyombo vya mfano wakalipigania mpaka 212. Walilipataje? Kichwa cha tangazo kilitaja aina ya chombo, urefu na mbao. Soko la mnada nalo lina mtambo wake wa kutafuta, unaopanga matangazo kwa jinsi yanavyolingana na alichoandika mnunuzi na kwa sifa ya muuzaji, kwa hiyo shughuli ya kufi huirudii kutoka mwanzo, unaihamisha tu. Na ndiyo sababu nakwambia tovuti kwanza: mwaka ule wa senti 99 nilikuwa sijajua wanunuzi wangu wanaandika nini. Macho kumi na moja yale yalikuja kwa bahati.

Jambo moja la sheria, kwa kuwa umegusia kiti cha babu yako. Vitu vya kale havitoki Kenya bila kibali, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Waulize watu wa makumbusho kabla ya kupiga hata picha. Na kisanduku chenye kipande cha pembe ya ndovu au gamba la kasa usikiguse, hata kama ni cha zamani vipi.

Kuhusu siku ya kufunga: wengi wa wanaotaka kitu husubiri sekunde za mwisho ndipo wataje bei, ili wenzao wasipate nafasi ya kujibu. Basi mwisho uwakute wakiwa macho. Mimi hufunga Jumapili saa tatu usiku kwa saa za New York, na mnada huuanzisha saa hiyohiyo siku saba kabla, maana saa ya kuanza ndiyo saa ya kufunga. Kwetu wakati wa baridi yao huwa ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Wakishasogeza saa zao Machi, inakuwa saa kumi. Wako wakiwa Wataliano, jioni yao haiko mbali na yetu, utalala. Mimi simu huwa mkononi gizani, na nikitoka kwenda msikitini ninakuwa nimeshajua bei.